Siku Mfumo wa Kukodi Ulipoondoka na Ukoo wa Ng'ombe

Wenzangu mnaobaki katika ofisi ya uzalishaji ya chama chetu cha wafugaji, mliponiandalia chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache niliyojifunza kazini. Nadhani mlitarajia ukurasa mmoja wenye baraka. Mtapata kurasa zaidi, na baraka zitakuwa chache. Nitaeleza tu niliyoyaona kwa macho yangu au niliyoyagusa kwa mkono wangu, na kwa kuwa kazi yetu ni kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija, mkono wangu umegusa mengi.

Nilianzia Bungoma, chini ya Mzee Barasa. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka mingi kiasi kwamba ng'ombe wa maboma ya karibu, wakisikia pikipiki yake, waligeuka wakatazamana naye uso kwa uso, kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo. Siku ya kwanza alinikabidhi glavu ya plastiki inayofika begani. Niliivaa mkono wa kulia. Aliniacha nisafiri hivyo hivyo nyuma ya pikipiki, glavu ikipepea sokoni mbele ya watu, hadi tulipofika bomani ndipo akaniarifu kwamba glavu huvaliwa mkono wa kushoto, na kwamba huvaliwa baada ya kufika.

Somo lake la pili lilihusu kadi. Kila ng'ombe alikuwa na kadi yake ngumu: jina, mama, baba, siku aliyopandishwa, siku aliyorudi kutafuta dume iwapo mbegu haikushika, na siku aliyozaa. Mzee Barasa alitaka kadi ijazwe palepale bomani, kabla ya kunawa mikono. Nilipouliza kama si vyema kwanza kunawa, alinitazama kwa huzuni. "Kijana," akasema, "kadi safi ni kadi ya mwongo." Alimaanisha kwamba mtu akishanawa, akanywa chai, akafika ofisini, anaandika anachodhani. Kadi zetu kwa hiyo zilikuwa za kweli, na kwa sababu hiyohiyo mhasibu aliomba ahamishiwe chumba cha upande wa pili wa jengo.

Ni yeye pia aliyenifundisha kutoamini uvumi. Mfugaji mmoja alituapia kwamba ng'ombe wake ana mimba ya miezi kumi na minne. Mzee Barasa akamuuliza nani kasema. Watu, akajibu. Watu gani? Akamtaja jirani. Tukaenda kwa jirani, akamtaja mwenye duka. Mwenye duka akasema habari hiyo aliipata kwa mfugaji mwenyewe. Tulirudi, mkono ukaingia, na ng'ombe hakuwa na mimba yoyote. Alikuwa mnene tu.

Nilipohamia Kitale nilikuta kadi zimepangwa katika makabati ya mbao yenye droo, na nikazitunza kwa namna ambayo baadhi yenu mliiita ukali. Sikatai. Kisha akaja kijana wa mauzo, amevaa viatu vyeupe katika ofisi ya ng'ombe, jambo ambalo peke yake lilipasa kututahadharisha. Alituonyesha mfumo wa kompyuta unaokodishwa kwa ada ya mwezi. Hatungenunua chochote wala kutunza chochote. Kumbukumbu zote zingekaa kwenye mitambo ya kampuni yake, mahali ambapo nilipomuuliza ni wapi, alielekeza kidole juu. Nilitazama juu. Palikuwa na dari.

Nitasema haki: mfumo ulifanya kazi vizuri. Ulihesabu siku ishirini na moja baada ya kila upandishaji, ukatukumbusha ni ng'ombe gani atazamwe kama atarudi kutafuta dume. Mirija ya mbegu ikipungua mtungini, uliagiza mingine wenyewe. Ulijaza hata tarehe ya kuzaa kwa kukadiria, ili mtu asisumbuke. Kidogo kidogo tukaacha kuhesabu, tukaacha kuagiza, tukaacha kuuliza ng'ombe alizaa lini hasa. Kuna ofisa mmoja, sitamtaja kwa kuwa anasoma hapa, aliyeniuliza siku ishirini na moja ni wiki ngapi.

Baada ya miaka mitatu meneja aliona makabati yanachukua nafasi. Kadi zote zikapewa mama mmoja wa mtaa wa Tuwan anayeuza njugu, afungie bidhaa zake. Barua ya kuziondoa ilihitaji sahihi ya msimamizi wa kumbukumbu, na msimamizi nilikuwa mimi. Niliitia sahihi. Nimeandika humu makosa ya wengine, basi la kwangu nimeliweka hapa katikati mahali pa kuonekana. Wiki iliyofuata nilinunua njugu za shilingi ishirini, nikakuta zimefungwa kwa kadi ya nyanya yake ng'ombe wa kasisi. Nilizila, lakini bila furaha.

Mwaka jana kampuni ile iliuzwa. Wenye mali wapya walikuwa na mfumo mwingine, wa kusimamia wanachama wa kumbi za mazoezi ya mwili, nao wakauunganisha na wetu. Hatukuambiwa. Tuligundua pale wafugaji walipoanza kupokea ujumbe kwenye simu. Mzee mmoja wa Cheptais alisomewa na mjukuu wake kwamba "Chepkemoi hajaonekana mazoezini kwa siku thelathini, tunamkosa." Chepkemoi alikuwa amefungwa kwenye mti nyuma ya nyumba, anacheua. Mwingine aliarifiwa kwamba fahali wake amepunguza uzito na apongezwe. Alikuja ofisini amekasirika, kwa sababu fahali huyo alikuwa kwa ajili ya harusi.

Tulicheka, na huo ulikuwa upumbavu wetu. Jumatatu moja Dorcas, karani wetu wa kumbukumbu, alifungua kompyuta akakuta maandishi mafupi ya kutushukuru kwa safari ya pamoja: huduma ya mifugo imefungwa. Taarifa ya siku thelathini ilikuwa imetumwa, tena kwa adabu, kwenye anwani ya barua pepe ya meneja wa zamani, ambaye sasa anafuga kuku na hasomi barua. Ada yetu ilikuwa imelipwa yote, kwa hiyo hatukuwa na kosa hata moja la kurekebisha. Tuliruhusiwa kupakua kumbukumbu zetu. Dorcas alizipakua katika faili moja kubwa, na faili ile ilifunguka kwa mfumo mmoja tu duniani, nao ulikuwa ndio huo uliofungwa.

"Mzee," akaniambia, "ng'ombe wetu wote sasa ni mayatima."

Jumanne yake, saa moja asubuhi, akapiga simu Mama Nanjala wa Ndalu. Huyu ni mfugaji mwenye mtamba mmoja anayeitwa Madaraka, mweusi mwenye alama nyeupe usoni. Alikuwa amepandishwa mara mbili asishike mimba. Mumewe, Wafula, alikuwa amesema mbele ya mashahidi kwamba safari hii akipandishwa asishike, mchinjaji wa sokoni atamchukua. Majani ni machache na subira yake imekwisha. Madaraka alikuwa ameamka akipanda ng'ombe wenzake, ishara ya kwamba anatafuta dume. Mnajua kanuni: ukimwona asubuhi, mpandishe jioni. Ukichelewa hadi kesho, umepoteza wiki tatu. Madaraka hakuwa na wiki tatu.

Nilifungua mtungi wa naitrojeni inayogandisha mbegu. Kwa kuwa mfumo ndio uliokuwa ukiagiza mbegu, na mfumo haukuwepo, na sisi tulikuwa tumesahau kwamba simu huagiza pia, mtungini ilibaki mirija ya dume mmoja tu, Jemadari. Dorcas akauliza swali ambalo lilinifanya niketi: baba yake Madaraka ni nani? Kama ni Jemadari, hatungeweza kumpandisha kwa mbegu ya baba yake mzazi. Jibu lilikuwa ndani ya faili isiyofunguka. Nilichukua mtungi mdogo, nikapanda pikipiki, nikaenda Ndalu kulitafuta kwa watu, jambo ambalo maisha yangu yote nimewaonya wengine wasifanye.

Mama Nanjala alinipokea kwa viazi vitamu na maelezo. Mama yake Madaraka hakuzaliwa pale. Aliletwa kutoka Cheptais, akiwa na mimba, katika mahari ya binti yake Nanjala, na mwenye kumleta ni mkwe wake, Mzee Ndiwa. Siku ya mazungumzo Mzee Ndiwa alidai kwamba ng'ombe yule ahesabiwe kama wawili, kwa sababu mimba yake ni ya Jemadari, dume mwenye picha ukutani kwa chama. Mama Nanjala na kaka zake walikataa. Walisema dume halisi ni yule mwekundu wa jirani yake Ndiwa, anayejulikana kwa kuruka ua, na kwamba ndama wa mruka ua haongezi hesabu. Ugomvi huo ulikuwa umedumu tangu mahari hadi siku ile. Krismasi wakwe hawa walisalimiana kwa vidole viwili.

Nilishukuru. Kwa maneno ya Mama Nanjala mwenyewe, Madaraka hakuwa binti wa Jemadari, na ningeweza kuanza kazi. Nikamweleza kwa nini nauliza. Mama Nanjala akaangalia miguu yake, akamwangalia Madaraka, kisha akaangalia njia kuhakikisha hakuna anayepita.

"Daktari," akasema. Mimi si daktari, nimewaambia mara nyingi, lakini sikuona ni wakati wa kumkatiza. "Daktari, usimpandishe. Huyu ni mtoto wa Jemadari."

Nikamkumbusha alichosema dakika tano zilizopita.

"Hayo nilisema ya mahari. Si ningefanyaje, nikubali moja ni mbili? Lakini angalia hiyo alama ya uso. Kila nikija ofisini kwenu naona ile picha ya Jemadari, najua. Afadhali mchinjaji amchukue kuliko azae na babake. Mimi ni mkristo."

Alikuwa akilia bila kelele. Naye Madaraka, asiyejua lolote, alikuwa akijaribu kuipanda pikipiki ya chama.

Sikuridhika. Alama ya uso si hati. Nikampigia Mzee Ndiwa, nikaweka simu kwenye sauti ya juu, nikamweleza hali yote ilivyo: mtungi una Jemadari peke yake, na jioni ikipita mchinjaji anakuja. Nilitarajia aapie Jemadari kama alivyoapa miaka yote. Badala yake akauliza:

"Daktari, huyo mama ako hapo?"

"Yuko."

"Basi ajisikilizie. Ilikuwa ile ng'ombe nyekundu ya jirani. Ua ilianguka na mvua, nikaikuta ndani asubuhi, imetulia kama mwenye boma. Sasa ningesema hivyo mbele ya wakwe, bana? Mpandishe tu mtoto wa watu asiende kuchinjwa."

Mama Nanjala akaikaribia simu. "Mkwe, usidanganye kwa huruma. Ni wa Jemadari. Nakubali, walikuwa wawili."

"Walikuwa mmoja, Mama Nanjala. Nilidanganya."

"Ati ulidanganya? Karatasi ya upandishaji si ulituonyesha?"

"Karatasi ilikuwa ya kweli. Ng'ombe ndiyo haikusoma karatasi."

Na hapo, wenzangu, nilijikuta katika hali ambayo Mzee Barasa hakunifundisha. Nimeshughulika na watu wanaodanganya kwa faida yao. Hao ni wepesi. Hapa nilikuwa na mashahidi wawili waaminifu, kila mmoja akikana maneno yake ya miaka mingi, kila mmoja akijidhuru, na bado hawakubaliani. Walikuwa wamebadilishana ugomvi wao kama watu wanaobadilishana koti. Wakaanza hata kugombezana kwa ukali uleule wa zamani, kila mmoja akishikilia upande wa mwenzake.

Niliwanyamazisha wote wawili. Nikauliza hiyo karatasi iliandikwa tarehe gani. Hawakumbuki. Ndipo Mama Nanjala akasema labda imo kwenye kitabu. Kitabu gani? Akashangaa kuniona sijui. Huku kwetu hakuna mahari inayopelekwa kwa mdomo mtupu. Mapatano huandikwa katika daftari, wazee wa pande zote mbili wanatia sahihi, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Alikwenda chumbani, nikasikia sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda, akarudi na daftari la jalada gumu limefungwa ndani ya khanga.

Sijawahi kusoma kumbukumbu za mifugo zilizotunzwa vizuri vile. Kila ng'ombe alielezwa rangi, pembe, umri na tabia. Wa nne alikuwa huyo wa ugomvi, na kaka yake Mama Nanjala, mwalimu wa hesabu, kwa nia ya kumbana Mzee Ndiwa, alikuwa amenakili karatasi yote neno kwa neno: amepandishwa kwa mbegu ya Jemadari tarehe mosi mwezi wa nane. Chini yake: "Upande wa bibi harusi haukubali." Sahihi kumi na moja na madole gumba matatu.

Nikamuuliza Mama Nanjala mtamba alizaliwa lini. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wake baada ya kulitaja.

"Si anaitwa Madaraka? Alizaliwa Madaraka Dei. Chifu alikuwa anasoma hotuba, nikaitwa uwanjani nirudi nyumbani. Kijiji kizima kilinitazama nikitoka."

Basi hesabuni nami, kwa vidole, bila kompyuta. Tarehe mosi mwezi wa nane hadi Madaraka Dei, tarehe mosi mwezi wa sita, ni miezi kumi. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku kama kumi. Zinabaki wiki tatu. Na wiki tatu ni muda uleule ambao ng'ombe aliyepandishwa asishike hukaa kabla ya kutafuta dume tena. Mbegu ya Jemadari haikushika. Ng'ombe alirudi kutafuta dume baada ya siku ishirini na moja, mvua ikaangusha ua, na mwekundu akaingia. Madaraka alikuwa binti wa mruka ua, bila shaka yoyote.

Nilipowaeleza, Mama Nanjala alifuta macho, akaikaribia simu, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya Krismasi.

"Si nilisema? Mmoja ni mmoja."

"Mama, dakika tano zilizopita ulisema wawili."

"Hiyo ilikuwa huzuni."

Nilimpandisha Madaraka saa kumi na moja jioni, kwa Jemadari, mwanga ukiwa bado mzuri. Nikaandika kadi palepale, kwenye kipande cha katoni ya sabuni, na sikunawa kwanza.

Njiani nikirudi Kitale nilitafakari jambo moja, na ndilo nililotaka hasa kuwaachia. Kama mfumo ungekuwa wazi asubuhi ile, ungetujibu kwa sekunde moja: baba, Jemadari. Ungetoa tarehe ya kuzaa iliyojazwa kwa makadirio, mwezi wa tano, nasi tungeiamini, kwa sababu ilikuwa kwenye skrini yenye rangi ya kijani. Tungekataa kumpandisha, na mchinjaji angepata nyama. Kwa hiyo hasara ya kukodi kumbukumbu si tu kwamba siku moja mwenye nyumba anakufungia mlango. Hiyo mnaijua. Hasara ya kwanza huanza mapema zaidi, mlango ukiwa bado wazi na kila kitu kinang'aa, pale mtu anapoacha kuhesabu na kuuliza kwa kuwa analipa kitu kingine kimhesabie na kimuulizie. Likifungwa duka, hakuna anayekumbuka hata swali.

Sisemi msitumie kompyuta. Dorcas ameanzisha jedwali lake mwenyewe, analitunza katika mashine yetu, na kila Ijumaa analichapisha kwenye karatasi, ambazo zimerudi makabatini. Kabla hamjakodi chochote tena, ombeni kwanza muonyeshwe namna ya kutoka, kama mfanyavyo mkiingia kwenye boma lenye fahali.

Siku yangu ya mwisho ya kazi ya nje ilikuwa Ndalu tena, miezi mitatu baadaye, kumpima Madaraka. Wafula alikuwa amesimama langoni na mchinjaji, mikono nyuma, wakingoja jibu langu. Nilivaa glavu, mkono wa kushoto, nikaingia hadi juu ya kiwiko. Wakati huohuo simu ikalia mfukoni. Nilimwomba Mama Nanjala aichukue. Alisikiliza, akaniambia ni kijana wa mauzo, ana mfumo mpya wa mifugo, siku thelathini za kwanza ni bure, anauliza kama nina dakika.

"Mwambie niko ndani," nikasema.

"Yuko ndani," akamwambia. Akasikiliza tena. "Anauliza ndani ya mkutano?"

"Mwambie aeleze kwanza: siku akifunga biashara yake, majina ya ng'ombe yatabaki na nani?"

Aliuliza. Kijana akasema ni swali zuri, atawauliza wakubwa wake, atapiga tena. Mpaka ninapoandika haya hajapiga.

Mimi nilikuwa nimeacha kumsikiliza. Vidole vyangu vilikuwa vimepata kitu laini, kimejaa, cha ukubwa wa mpira wa watoto, nikakigusa mara ya pili ili nisije nikasema uvumi. Nikageuza kichwa kumpa Mama Nanjala habari, lakini aliona uso wangu. Simu yangu ilikuwa tayari kwenye majani, na yeye alikuwa nusu ya njia kuelekea langoni, akimfukuza mchinjaji kwa khanga.